Mwongozo kamili: namna ya kuusoma mto wa Unguja na Pemba, kuanzia chemchem mpaka mikokoni

Mto haujichagulii njia. Jabali lililo chini yake, udongo uliolala juu ya jabali, na bahari ilikuwa imesimama wapi zamani, hivo ndo vinavoamua maji yapite wapi, yaende mbio au yatulie, yafike pwani au yapotee njiani. Angalia hapa hapa kwetu. Ukitoka Chake kwenda Wete, kule Pemba, unapanda kilima unashuka, unapanda unashuka, na kila bonde lina maji yake na mpunga wake, lakini ukija Unguja ukatoka mjini ukaelekea Makunduchi, ukishaiacha Tunguu nyuma unaeza kwenda mpaka mwisho wa barabara usivuke mto hata mmoja wa maana, na mvua inanyesha kote kote. Sasa maji yanakwenda wapi? Hilo ndo suala la kuanzia, na jawabu yake imo ardhini, unaeza kuisoma mwenyewe kwa mguu wako bila ya mashine yoyote.

Nauandika huu kwa anaetaka kuchimba kisima, anaetaka kununua kiwanja bondeni, mkulima wa mpunga, mwalimu wa skuli anaetaka kuwatoa wanafunzi nje, na yeyote yule anaependa kujua ardhi anayoikanyaga. Ni mrefu kidogo kwasababu kila hatua inategemea ile ya kabla yake, mtu akiruka ya mwanzo hizi za mwisho hazitomwelea.

Kwanza ujue kisa chenyewe

Kabla hujatoka nyumbani jua mambo manne yaliyopita hapa, kwa mpangilio wake, mana kila utakachokiona mtoni kitarudi kwenye moja katika hayo.

La kwanza ni mchanga na tope. Zama ambazo wanajiolojia wanaziita Miosini, baina ya miaka milioni 23 na milioni 5 iliyopita, mito ya bara ilikuwa ikichukua mchanga na udongo kutoka milimani ikiumwaga pwani, tabaka juu ya tabaka, mchanga, udongo mfinyanzi, mchanga tena. Matabaka hayo ndo uti wa Unguja, vile vilima vya upande wa magharibi na katikati kama Masingini, na ndo sehemu kubwa ya Pemba. Kwahiyo mchanga unaojengea nyumba yako umetoka bara, uliletwa na mito, wala sio wa bahari kwa asili yake.

La pili ni nyufa. Ardhi ya pwani yetu imepasuka na kuvutwa, vipande vyengine vikazama vyengine vikabaki juu. Pemba ni kipande kilichobaki juu, na mkondo ulio baina yake na Tanga una kina cha zaidi ya mita 700. Baina ya Unguja na bara mambo ni tofauti kabisa, hapo bahari ni ya kina kifupi, sehemu kubwa haifiki mita 60.

La tatu ni matumbawe. Kuna nyakati bahari ilikuwa juu kuliko leo, na ya karibuni kabisa ni kiasi cha miaka 125,000 iliyopita ilipokuwa juu kwa mita 6 mpaka 9 hivi. Matumbawe yakaota kwa wakati wao, bahari ikarudi nyuma, yakabaki nchi kavu yakawa jabali. Hayo ndo maweni yetu, Makunduchi, Jambiani, Micheweni na kwengineko. Ni jiwe la chokaa, na chokaa inayeyuka kidogo kidogo na maji ya mvua, kwahiyo limejaa matundu na mapango.

La nne ndo watu wengi hawalijui na mimi naliona kubwa kuliko yote kwa upande wa mito. Miaka kiasi 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa kwenye barafu, bahari ikashuka kiasi cha mita 120 chini ya ilipo leo. Piga hesabu hapo: mita 60 za mkondo wa Unguja zikakauka zote, Unguja ikawa sehemu ya bara, wanyama wakapita kwa miguu, na ndo mana pango la Kuumbi kule Jambiani wachimbuaji wamekuta mifupa ya wanyama wa bara kama punda milia na nyati. Pemba haikuungana, mkondo wake una kina kikubwa mno. Lakini kwenye visiwa vyote viwili mito ilijikuta bahari imekwenda mbali na imeshuka chini, na mto siku zote unachimba kuifata bahari, ikishuka nao unakata bonde lake lende chini zaidi. Halafu barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, ikaingia ndani ya mabonde yale yaliyokwishachimbwa. Shika hilo, tutalirudia.

Hatua ya 1: wakati wa kwenda na vitu vya kubeba

Nenda mara mbili, mara moja baada ya masika, mwezi wa sita hivi, na mara ya pili kiangazi kimeshapamba moto, mwezi wa pili. Mto wa masika unakuonesha nguvu zake, wa kiangazi unakuonesha asili yake, mana maji yanayobaki kiangazi sio ya mvua, ni ya ardhini yanayotoka polepole.

Beba nondo ya mita 2, kamba ya mita 10 uliyoipima, chungwa mbili tatu, chupa ndogo ya siki, msumari, jembe dogo, daftari na simu yenye ramani. Kama utafika mdomoni mwa mto, unapoingia baharini, angalia na mwezi kabla, maji ya bamvu (yanayojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo) sio sawa, na ukiingia mikokoni maji yanajaa bila ya kujua utatoka vipi utapata tabu.

Na hili nalisema kwa msisitizo: vijito na madimbwi yetu, Unguja na Pemba, yana kichocho. Vijidudu vinatoka kwenye konokono wa maji na vinakuwa vingi zaidi jua linapopanda mpaka saa sita saba mchana, vinapita kwenye ngozi hata kama huna kidonda. Nenda asubuhi na mapema, vaa mabuti ya mvua marefu, usioge, usiwaache watoto wakakoga ati kwa vile maji yanaonekana safi. Ukiona damu kwenye mkojo nenda kituo cha afya, dawa ipo na inatibu.

Hatua ya 2: usianze mtoni, anza kwenye ukuta

Tafuta pahala ardhi imekatwa. Shimo la kuchimba mchanga, au kilima kilichokatwa kupitisha barabara, Pemba yamejaa hayo. Usikae chini ya ukuta wa mchanga hata dakika moja, huanguka bila ya kutoa taarifa na watu hufa, simama mbali uangalie kwa macho na upige picha.

Utaona mistari. Tabaka la mchanga wa manjano au mwekundu, chini yake tabaka la kijivu au jeupe lililoshikana, halafu mchanga tena. Chukua udongo wa kila tabaka (ule ulioporomoka pembeni, sio wa ukutani), utie maji kidogo uusokote baina ya vidole. Ukitoka kama utepe mrefu bila kukatika ni kinamo, udongo wa mfinyanzi, maji hayapiti humo. Ukimong'onyoka ni kichanga, maji yanapita upesi. Hapo ushajua nusu ya siri ya mito ya Pemba, mana mvua inashuka kwenye mchanga, ikikuta kinamo inakwama, inatambaa upande upande mpaka itokee pembeni ya kilima.

Ndani ya tabaka la mchanga tazama tena kwa karibu. Mara nyingi kuna vimstari vidogo vilivyolala mshazari, haviko sawa na tabaka lenyewe. Vile ni alama za mkondo wa maji ya zamani, mchanga ulikuwa ukisukumwa ukiporomokea mbele, kwahiyo vinainamia kule maji yalikokuwa yakienda. Unasimama juu ya kilima kikavu Pemba unaangalia mto wa mamilioni ya miaka ulielekea wapi. Mimi kila nikiviona nasimama kwanza.

Ukuta ukiwa ni jiwe, likune kwa msumari upate unga, utie siki. Unga ukichemka vipovu ni chokaa, yaani matumbawe au magamba ya baharini. Usipofanya kitu ni mchanga mtupu. Kipimo hichi kidogo, lakini kinakuambia uko upande gani wa kisa chetu, na mito ya pande hizi mbili haifanani kwa lolote.

Hatua ya 3: kitafute kichwa cha mto

Panda na kijito mpaka pale kinapoanzia. Wengi wanategemea kukuta shimo linalobubujika, lakini chemchem nyingi zetu ni pahala palipolowa tu, mstari wa unyevu ubavuni mwa kilima, majani yamekoza kijani, mikindu imesimama, na Pemba utaikuta na miwale. Tazama kama mstari huo unafata usawa mmoja au la. Ukiukuta unaendelea kwenye usawa ule ule kilima hichi na cha pili yake, basi umeliona tabaka la kinamo bila ya kuchimba, liko pale pale chini ya mstari.

Bububu na Mtoni ni mfano mkubwa wa jambo hili. Masingini inapokea mvua, maji yanaingia kwenye ardhi ya kilima, yanatoka chini ubavuni karibu na pwani. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchem za huko mpaka mjini, na mpaka leo mji bado unakunywa kwenye maji ya upande ule. Ndo mana msitu wa Masingini unalindwa, ukikata miti ukaiacha ardhi wazi mvua inaporomoka juu juu na tope badala ya kuingia chini, na chemchem inapungua kiangazi kile kile unachoihitaji.

Pembeni ya chemchem utaona mara nyingi uchafu wa rangi ya kutu, na juu ya maji kuna kitu kinang'ara rangi rangi kama mafuta. Watu husema mafuta ya petroli yamepatikana. Chukua kijiti ukiguse: kikivunjika vipande vipande visiungane tena ni chuma cha ardhini pamoja na bakteria wanaokila, hakina neno. Kikizunguka na kujiunga tena nyuma ya kijiti, hayo ni mafuta kweli, na mara nyingi yametoka kwenye gari au mashine ya mtu, katafute yanatokea wapi.

Hatua ya 4: teremka nao taratibu

Sasa shuka, na kila mita mia hivi simama uangalie mambo matatu: umbo la bonde, kilicho kitakoni mwa mto, na kingo.

Juu karibu na kichwa bonde ni jembamba, kingo zimesimama, maji yanachimba. Mawe ni machache na madogo. Okota vijiwe kiganja kizima uvitazame. Vile vyeupe vigumu vinavyopitisha mwanga kidogo na vinavyokwaruza chupa ni kwatzi. Kwatzi haizaliwi kwenye matumbawe, imetoka kwenye milima ya bara, ikaviringishwa ikawa ya duara, ikalala kwenye matabaka mamilioni ya miaka, na kijito chako kinaifukua kinaiviringisha mara ya pili. Kipande cha chokaa kikiwemo angalia kingo zake, kama bado zimechongoka hakijasafiri, kimeanguka hapo karibu.

Ukiendelea kuteremka Pemba kitu cha ajabu kinatokea. Bonde linapanuka ghafla, kitako kinakuwa sawa kabisa, tambarare, wakati vilima pande mbili bado vimesimama vile vile. Kijito ni kidogo mno kwa bonde lile. Mtu wa kawaida atasema bonde kubwa kama hili kuchimbwa na kijito hichi kidogo, haiwezekani. Hapa ndo unalirudia jambo la nne. Bahari ilipokuwa chini mto ulikata bonde lenye kina kikubwa, bahari ilipopanda maji yakakosa mteremko, yakaangusha mchanga na tope yake humo humo, bonde likajaa. Unachokanyaga ni sakafu iliyojazwa, bonde lenyewe liko chini huko.

Lipime. Simama katikati ya bonde (omba ruhusa kwa mwenye konde, na usikanyage mpunga wa watu) usukume nondo chini kwa mikono yako. Ikienda mita nzima na zaidi bila ya kugonga kitu uko kwenye tope la kujaza. Sogea hatua kumi kuelekea kilimani usukume tena, na tena, mpaka igonge mapema. Ukiandika kila kina kwenye daftari utapata sura ya bonde la zamani lililofukiwa. Ikitoka na tope jeusi lenye harufu ya yai bovu ujue hapo palikuwa pa maji yaliyosimama, pengine hata mikoko ilifika.

Hili lina faida ya moja kwa moja. Mpunga unapenda sakafu hii kwasababu inashika maji. Nyumba haiipendi hata kidogo. Anaekuuzia kiwanja bondeni atakuonesha mwezi wa pili, kikavu, sawa sawa, hakihitaji kusawazishwa, bei nzuri, na wewe hujui kuwa usawa ule umefanywa na mafuriko na tope laini liko mita kadhaa chini ya msingi wako. Nenda na nondo. Muulize mzee wa pale maji ya masika makubwa yalifika wapi. Na angalia miti na kuta za karibu, alama ya tope huwa haifichiki.

Hatua ya 5: pima maji, hesabu ni ya skuli ya msingi

Chagua pahala mto umenyooka. Nyosha kamba ya mita 10 ukingoni. Tia chungwa juu kidogo ya mwanzo wa kamba, anza saa linapopita mwanzo, simamisha linapofika mwisho. Chungwa ni zuri kuliko jani kwasababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi. Rudia mara tatu nne uchukue wastani. Halafu pima upana, na kina sehemu tano hivi kukatiza mto, nazo uchukue wastani.

Tuseme upana sentimita 80, kina wastani sentimita 10, chungwa limetumia sekunde 40. Mwendo ni 10 gawanya kwa 40, mita 0.25 kwa sekunde. Zidisha 0.8 kwa 0.1 kwa 0.25 unapata 0.02. Maji ya juu yanakwenda mbio kuliko ya chini, kwahiyo zidisha tena kwa 0.8, unapata mita za ujazo 0.016, yaani lita 16 kwa sekunde. Kiangazi ukirudi ukikuta lita 10 una mto wenye tumbo kubwa la maji ardhini. Ukikuta mkavu, ulikuwa ni mfereji wa mvua tu, usijenge tamaa ya kumwagilia juu yake.

Pima pahala pawili, patatu. Maji yakizidi kila unavyoteremka na hakuna kijito kilichoingia, ardhi inaupa mto. Yakipungua na hakuna mtu anaeyavuta, ardhi inaunywa, na hapo ndo tunaingia kwenye jambo la Unguja.

Hatua ya 6: pale mto unapomezwa

Vijito vinavyoshuka kutoka vilima vya katikati ya Unguja kuelekea mashariki na kusini, vingi vinakwenda vizuri maadamu viko juu ya kichanga na kinamo. Vikishagusa maweni tu vinaanza kukonda, mara kijito kimekuwa dimbwi, mara kimeingia kwenye ufa wa jiwe kimekwisha. Udongo nao unakuambia, unakuwa mchache, mwekundu wa kinongo umekaa kwenye vishimo baina ya mawe, na ukienda mbele zaidi ni jiwe tupu lenye meno. Siki itachemka kila unapojaribu.

Maji hayajapotea. Yamo chini yanakwenda baharini kwa njia za ndani, ndo mana ukiingia pango la Mangapwani au Kuza kule Jambiani unakuta maji baridi matamu, na ndo mana kwenye baadhi ya fukwe maji yakipwa unaona maji matamu yanachuruzika mchangani. Msitu wa Jozani nao unaishi hivo hivo, uko kwenye bonde la matumbawe ambalo maji ya ardhini yako karibu sana, mvua ikizidi yanapanda juu yanafurika bila ya mto wowote kuingia.

Maji hayo matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kama samli juu ya mchuzi. Kanuni yake ni hii: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na kiasi cha mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Inasikika kama utajiri, lakini igeuze. Ukivuta kisima kwa nguvu ukashusha maji kwa sentimita 10 tu, chumvi inaweza kupanda mita 4. Na matumbawe yana matundu makubwa, maji ya kujaa na kupwa yanaingia yanachanganya, kwahiyo hata hizo 40 mara nyingi hazitimii. Kwahiyo upande wa maweni chimba kisima kifupi, kiguse maji tu usiende chini ukitafuta zaidi, vuta kidogo kidogo kwa muda mrefu badala ya pampu kubwa saa moja, na kama una hoteli au shamba kubwa, vichimbe vichache vilivyoachana badala ya kimoja kirefu.

Na sasa hili ambalo naomba kila mmoja amwambie jirani yake. Mchanga unachuja maji, unayapitisha polepole na uchafu mwingi unakufa au unanasa njiani. Tundu la matumbawe halichuji kitu. Kinachoingia juu asubuhi kinaweza kutokea kisimani kwa mwengine baada ya muda mfupi kikiwa kama kilivyo. Lile shimo linalomeza mto, ambalo watu wanaliona ni pahala pazuri pa kutupa taka, mizoga na maji ya choo kwasababu "halijai", ni mdomo wa kisima cha kijiji cha chini. Kipindupindu kimetutesa sana visiwani. Fuata shimo hilo kwenye ramani, tazama visima viko upande gani kuelekea baharini, nenda kwa sheha ukamwoneshe. Shimo la choo kwenye maweni lijengewe ndani kwa zege lisivuje, sio lichimbwe mpaka lipate ufa halafu mtu ashukuru.

Hatua ya 7: mdomo wa mto

Upande wa magharibi wa Pemba tazama ramani ya simu, utaona pwani imechanikachanika, vidole vya bahari vimeingia ndani mbali, Chake, Wete na kwengine. Vidole vile ni mabonde ya mito yaliyozamishwa. Ile sakafu uliyoipima kwa nondo inaendelea chini ya maji, na mto wa zamani ulipita katikati ya ghuba ambayo leo unaipita kwa ngalawa.

Nenda maji yakiwa yamepwa, ufuate mto mpaka mwisho. Miti itakupa mpaka wa chumvi bila ya kuonja. Mlilana na mkoko wenye mizizi ya kusimama iko mbele kwenye tope la bahari, mkandaa uko nyuma yake, mchu unavumilia hata pale penye chumvi kali, na ukianza kuona msikundazi na miti ya nchi kavu ujue maji matamu yanashinda. Mikoko ikifa upande wa juu na konde za mpunga karibu yake zikageuka chumvi, angalia mto wenyewe kwanza, huenda mtu ameuziba au ameuvuta juu, maji matamu hayashuki tena kuisukuma bahari.

Hatua ya 8: ukipata safari ya bara

Mpaka hapa umeisoma mito ya ardhi laini na ya chokaa. Kama Mungu atakujaalia safari ya Tanga, panda Amani kwenye Usambara ya Mashariki uuone mto Sigi unapoanzia, huo huo unaojaza bwawa la Mabayani na kuinywesha Tanga. Mawe ya pale yana zaidi ya miaka milioni 500, yalibanwa na kupikwa chini sana, na milima imesimama kwasababu ardhi imekatika pembeni mwake. Kwahiyo mto unateremka kwa ngazi, jiwe kubwa, dimbwi, jiwe kubwa, dimbwi. Zile ngazi ni mto wenyewe unapunguza nguvu zake, ukiyatoa mawe kujengea unaufungulia ukate chini. Jiwe kubwa kuliko chumba usidhani limeletwa na maji unayoyaona, limeporomoka kutoka juu au limesukumwa na mafuriko ya siku moja, kaa mbali na kitako cha mto mvua ikiwa inanyesha juu mlimani hata kama uliposimama ni jua.

Ukifika Moshi kuna somo jengine. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, wenye umri mdogo ukilinganisha na Usambara, na majabali yake ya lava yana nyufa nyingi. Mvua na maji ya juu yanamezwa, yanapita chini, yanatokea tena tambarare kwenye chemchem safi kama ile ya Chemka karibu na Boma Ng'ombe, ambayo ni sehemu ya mto Kikuletwa, na Kikuletwa inakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu halafu mto Pangani mpaka baharini. Mtu wa Makunduchi atauelewa mto huo upesi kuliko mwengine yeyote.

Sigi ukiufuata kuteremka, okota mawe kila pahala pa kusimama. Juu ni makubwa yenye rangi mbili tatu na kingo kali. Chini yanapungua, yanaviringika, madini laini yameoza yamekuwa udongo, kwatzi imebaki peke yake. Mchanga na kinamo, ndo vitu viwili vile vile ulivyovikuta kwenye ukuta hatua ya 2.

Kuweka rekodi

Kila safari andika tarehe, mara ya mwisho mvua ilinyesha lini, lita kwa sekunde, rangi ya maji, kina cha nondo na jina la bonde kama wenyeji wanavyoliita. Piga picha umesimama pahala pale pale ukiangalia upande ule ule, masika na kiangazi. Mtu akichimba kisima jirani mwombe akuambie alichokitoa kwa mpangilio, kichanga mita ngapi, kinamo mita ngapi, jiwe lilianza wapi, maji yalitoka wapi, na uandike siku hiyo hiyo kabla mchanga wa juu haujachanganywa na wa chini. Nakala moja weka skuli ya hapo na nyengine mpe sheha, na kama kuna mtu anataka kuchimba au kujenga bondeni mpelekee aione kabla hajalipa.